Haujanigusa

Dada yangu Atija,

Ijumaa iliyopita tulikusomea hitima. Nakueleza mimi kabla hujasikia kwa wengine, maana nakujua, ungekasirika kwanza halafu ndiyo uulize pilau lilikuwaje. Lilizidi chumvi. Mama yako alilipika mwenyewe, akakataa kusaidiwa, na kila aliyemwambia akae alimjibu, "Nikikaa nitafanya nini?"

Aliyeamua ni mjomba. Alikuja na kofia mkononi, akasema misimu miwili ya korosho imepita, hakuna simu, hakuna aliyekuona, na mtu haachwi hivyo, si hai si maiti. Mama yako, mama mkubwa wangu, akaniangalia mimi. Likitajwa jina lako, nyumba nzima hii ya Magomeni, hapa Mtwara, inaniangalia mimi, utafikiri nimekuficha chini ya kitanda. Nikasema sitaki. Mjomba akasema hakuja kuuliza.

Barua hii naiacha wazi, asome anayetaka kusoma. Pengine yuko mtu ng'ambo ya mto Ruvuma aliyekuona. Na kama hayuko, basi angalau watu wajue ulikuwa mtu wa namna gani, maana kwenye hitima walisema ulikuwa mpole. Wewe, mpole!

Unakumbuka rede uani kwetu? Wawili wanarushiana mpira wa soksi, aliye katikati anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa. Mpira ukimgusa, amekufa, anatoka. Ndivyo tulivyosema wote, amekufa, wala hatukuona uzito wowote katika neno lenyewe. Ila wewe hukufa hata siku moja kwa amani. Mpira unakupiga mgongoni, tunausikia wote, nawe umeshika kiuno: "Haujanigusa!"

"Dada, umekugusa."

"Umegusa kanga. Kanga ndiyo mimi?"

Ukibanwa unaapa, ukiapa unacheka, mchezo unavunjika tunaenda kuoga. Kuna siku nilikurushia chungwa bovu kwa hasira, likakupasukia shingoni, maji yakachuruzika mpaka kifuani, na bado ukabisha. Nilikuchukia siku ile mpaka magharibi.

Mwalimu wa michezo alipotuletea softiboli shuleni, sisi tuliona ni rede iliyoongezewa gongo. Unaupiga mpira, unakimbia beisi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ukirudi ulipoanzia umefika nyumbani na timu imepata pointi. Mwenye mpira akikugusa nao njiani, umetoka. Mwalimu alitaka tuseme "aut". Timu nzima ya Mtwara ikasema "kafa". Wasichana wa mikoa mingine walitushangaa, tunarukaruka kwa furaha na kupiga kelele, "Kafa! Kafa huyo!" Siku hizi hakuna anayelisema mazoezini. Hakuna aliyetukataza, tumeliacha tu.

Ukiwa hupigi, kazi yako ilikuwa kusimama karibu na beisi ya tatu na kutuelekeza. Ukinyoosha viganja mbele, tunasimama. Ukizungusha mkono wote kuanzia begani, tunakwenda moja kwa moja nyumbani. Nami nilikuwa na ugonjwa wangu ule wa kugeuza shingo kila nikikimbia, kutazama mpira uko wapi. Ulinigombeza mpaka sauti ikakukauka. "Kimbia! Usiangalie nyuma, nyuma naangalia mimi!" Nikiisikia sauti yako nilikuwa sigeuki. Sijawahi kukushukuru kwa hilo, kwa sababu ulilisema kwa kelele mno, mbele za watu.

Kisha tukaitwa wote wawili timu ya taifa, kwa mashindano ya kimataifa ya wanawake Dar es Salaam. Mama zetu, mtu na mdogo wake, walicheza ngoma jikoni na miiko mikononi. Jezi zilipokuja, yako iliandikwa Hadija, jina la shule, nawe ukanuna kwa sababu bibi ndiye aliyekuita Atija, na bibi angekujuaje kwenye picha. Bibi hajui kusoma, dada. Nilikwambia hivyo, ukanirushia soksi.

Na bibi alikuwa ng'ambo, Msumbiji, kwenye mihogo yake. Kule kulikuwa kumeshaharibika. Watu walikuwa wanavuka na magodoro kichwani, wanasimulia mambo ambayo mama mkubwa alituamuru tusiyarudie mbele ya watoto. Bibi akakataa kuvuka, akasema vita anavijua, alivikuta akiwa msichana. Mjomba alikuwa anasubiri hali itulie. Wewe hukusubiri. Ulifunga mkoba mdogo ule wa mazoezi, ukaniambia mlangoni, "Nikishamfikisha bibi hapa, napanda basi, nakukuta uwanjani. Jezi yangu usiwape."

Sikuwapa. Niliitandika kwenye benchi letu kila siku ya mashindano, nikawa nakaa kando yake. Msichana mmoja wa Dar alitaka kuisogeza apate nafasi ya kukaa, nikamtazama, akaenda kukaa chini. Simu yako ilikuwa haipatikani. Nilijiambia ni mtandao. Ng'ambo mtandao ulikuwa mbovu hata kabla ya yote hayo, kwa hiyo sikuwa najidanganya sana.

Mechi ya mwisho tulicheza na Waganda. Walikuwa wanaongoza kwa pointi moja, wenzetu wawili wameshatoka, akitoka wa tatu mchezo umekwisha, na mimi niko beisi ya pili. Mpigaji wetu akaupiga mpira ukapita katikati ya watu, nikaanza kukimbia. Nilipokaribia beisi ya tatu nilitazama mahali pako. Alikuwepo dada mwingine, mzuri tu, anazungusha mkono kama inavyotakiwa. Lakini hakupiga kelele. Nikapita, njia ya nyumbani iko wazi, na shingo yangu ikageuka. Nilikuwa nakutafuta wewe. Mpira sikuukumbuka hata kidogo.

Mpira ulinipata begani. Mdakaji wao alinigusa nao taratibu, karibu kwa adabu. Nami nikaruka mbele ya mwamuzi, mama wa watu ametoka nchi ya mbali hajui hata "habari", nikashika kiuno na kupiga kelele, "Haujanigusa! Umegusa jezi! Jezi ndiyo mimi?" Uwanja mzima ulicheka. Wenzangu walicheka huku wanalia, maana ndiyo tulikuwa tumeshindwa. Mimi nilisikia sauti iliyotoka mdomoni mwangu ni yako, nikaketi palepale kwenye vumbi.

Jioni ile mama alipiga simu. Akasema, "Bibi amefika." Nikashangilia. Akaniacha nishangilie mpaka niishie mwenyewe, halafu akasema, "Amefika peke yake, mwanangu."

Niliporudi nyumbani nilimkuta bibi kwenye kitanda chako, amejikunja upande mmoja amekuachia nafasi. Kisha asubuhi moja, nampaka mafuta miguuni, akaanza kusimulia mwenyewe. Mlifika mtoni na kundi la watu, milio ya bunduki inakuja nyuma. Mtumbwi ulikuwa umeshajaa, mvuvi akakubali mzee mmoja tu.

"Kanibeba kanitupa ndani kama gunia," alisema. "Nikamwambia wewe je? Kasema, bibi, usiangalie nyuma, nyuma naangalia mimi."

Mikono yangu ilisimama kwenye miguu yake.

"Mimi nikaangalia. Ntoto wangu, sitaangalia vipi? Kasimama kwenye matete, anazungusha nkono hivi." Akanyanyua mkono wake ule mwembamba, akauzungusha wote kuanzia begani, mara ya kwanza na ya pili na tena. "Haagi, haiti, anazungusha tu nkono. Nikasema, maskini, ntoto huyu woga unshampanda kichwani. Kachanganyikiwa."

Wote ndani walikuwa wanalia. Mjomba akasema ni kweli, hofu humfanya mtu hivyo. Na mpaka leo wanasimulia hivyo kwa wageni, kwamba mwishoni Atija alichanganyikiwa. Nilimweleza bibi nikiwa nimemshika mkono. Nilimwambia hakuchanganyikiwa, bibi, ile ni lugha. Alikuwa anakwambia kimbia moja kwa moja nyumbani, usisimame. Bibi akaniuliza, "Na mimi nilifika?"

"Ulifika, bibi."

"Basi yeye kwa nini hakufika?"

Nimekuwa nikienda Kilambo, kwenye kivuko cha mto, kila nipatapo nafasi, nasimama pale wanaposhukia watu, nauliza. Wapo waliosema walimwona msichana mrefu kambini kwa wakimbizi, nikafuatilia, si wewe. Mvuvi yule hakurudi tena upande ule baada ya kumshusha bibi, na simlaumu, au namlaumu siku nyingine. Nakasirika nawe pia. Usiku wowote wa maisha yako ungegombania nafasi, hata ya kukaa mkekani uligombania. Siku hiyo moja ndiyo ukajitia adabu.

Basi Ijumaa watu walikuja baada ya sala. Nilitandika mikeka, nikachota maji, nikafanya yote wanayofanya watu wasiokubali lakini hawana namna. Juzuu zikasomwa. Kisha shehe akaanza dua, akafika kwenye jina lako, akatanguliza neno marehemu.

Nilifumba macho nikatega sikio. Nakwambia kweli, nilitega kama mtoto. Nilijua kama upo popote juu ya ardhi hii, hilo hutalinyamazia. Ungeshika kiuno huko uliko. Nilisikia sahani zinagongana, nikasikia mama yako anapumua, nikasikia watu wanaitikia amina na bibi anachelewa nyuma yao.

Hukubisha, dada.

Jezi sijawapa.

Mdogo wako, ambaye bado anaangalia nyuma