Nyamizi Aende Ulaya au Arudi kwenye Ngitili ya Guku?

Mpendwa Mama Felisita, naomba unishauri, maana jibu langu linasubiriwa na mtu ninayempenda na ninaogopa kulikosea.

Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tano, nyumbani kwetu ni Kasoli, Bariadi, na dada yangu Nyamizi, ambaye ana shahada ya pili ya wanyamapori, amepata nafasi mbili za kusomea uzamivu, moja Ulaya, kuchunguza damu ya ndege katika maabara, na nyingine hapahapa nchini, kuchunguza jinsi ndege wanavyorudi kwenye ngitili, yaani malisho yanayofungwa masika ili mifugo ipate majani kiangazi, na Pasaka hii alipokuja likizo aliniambia, "Minza, wewe ndiye uliyechunga ndama nami, niambie niende wapi."

Tulichunga kwenye ngitili ya Guku Ngeleja, babu yetu, na mpaka leo nikisikia harufu ya majani makavu naiona siku ya kuifungua, ndama na ng'ombe wagonjwa wakitangulia, panzi wakiruka, korongo wenye taji wakifuata nyuma kama wageni wa harusi, na Guku akimwita mtoto aliyechunga ndama mwaka ule autoe mwiba wa kwanza kwenye miiba iliyoziba lango, na mwaka alioutoa Nyamizi alirudi nyumbani akitembea kama korongo hadi Mayu, mama yetu, akachoka kucheka.

Guku alifariki kabla zamu yangu haijafika, na tangu wanunuzi binafsi wa pamba waanze kuja na malori yao, Baba anasema msimu ujao ngitili italimwa pamba, kwa sababu nyasi hakuna anayezipima kwenye mizani, na Nyamizi alipotaja nafasi ya hapa nchini Baba alimcheka, "Yaani umesoma kote huko ili urudi kuwatazama ndege tuliokutuma uwafukuze kwenye mtama?" naye akajibu, "Ndiyo Baba, niliwafukuza mpaka nikawazoea," sote tukacheka, lakini baadaye nilimwona amesimama peke yake langoni pa ngitili.

Mimi nataka achague hapa, kwa sababu akiifanyia utafiti ngitili yetu Baba ataona haya kuilima, na siku zile zitarudi kidogo, lakini naogopa kumnyima Ulaya. Nimwambie nini?

Minza, Kasoli

Minza mwanangu,

Barua yako niliisoma mara ya pili kwa raha tu, maana nami nilikua nikichunga. Sasa raha imekwisha, nikukaripie. Umenieleza anachotaka Baba, umenieleza unachotaka wewe. Nyamizi mwenyewe anataka kujua nini? Hukuandika hata neno. Unataka dada yako awe ua wa miiba wa kumzuia Baba na jembe lake. Huo si uzamivu, ni ulinzi.

Uzamivu ni swali ambalo mtu hulala nalo na kuamka nalo kwa miaka. Akilichagua kwa sifa ya kwenda Ulaya litamchosha. Akilichagua kwa kukuonea huruma litamchosha vilevile. Muulize ni lipi angelifuata hata kama wewe na Baba msingekuwepo. Kisha awaandikie wanafunzi wa maprofesa wote wawili watakaomsimamia, wa Ulaya na wa hapa: je, profesa anakutana nao? Anasoma kazi zao? Waliotangulia walimaliza? Profesa asiyeonekana ni hasara popote alipo. Na amuulize yule wa Ulaya kama damu hiyo inaweza kuchukuliwa kwa ndege wa Bariadi. Huenda mnahangaikia njia mbili zinazokutana mbele.

Ngitili ni kazi yako. Usimwendee Baba na machozi, wala usimtajie korongo. Ngoja kiangazi, ndama waanze kuonyesha mbavu, umwambie, "Baba, lima upande wa juu, wa bondeni tuwaachie ndama." Mfugaji hulielewa hilo. Akikataa, utakuwa umesema, na lawama haitamfuata Nyamizi hadi chuoni.

Na siku ya kuifungua mwaka huu, ifungueni kama alivyofungua Guku, ndama mbele. Mwiba wa kwanza uutoe wewe. Nyamizi alishatoa wa kwake.