Jina Nisiloweza Kulitamka Darasani

...na ndiyo, mpendwa mshauri, yule Kipkemei niliyekuandikia habari zake kabla ya harusi sasa ni mume wangu, na kila asubuhi ananipakia kwenye baiskeli yake mpaka shuleni, nami natamani njia isiishe, lakini leo naomba msaada, maana furaha yangu imeingia doa.

Shule yetu iko karibu na Molo. Mume wangu anafundisha hapo, na mwalimu mwenzake aliondoka mwaka jana, hakuletwa mwingine, watoto wa darasa la kwanza wakarudi kuchuma maua ya pareto mashambani na mama zao, ndipo mume wangu akaniomba niwafundishe kwa kuwa nimesoma sekondari, nami nikakubali kabla hajamaliza kusema, maana kufundisha huku ukisikia sauti ya umpendaye ikihesabu upande wa pili wa ukuta ni raha nisiyoweza kuieleza.

Sasa, kwetu mke hatamki jina la baba mkwe, wala jina lililo ndugu na hilo. Baba mkwe ni Mzee Kemboi, na darasani nina msichana mdogo, Chepkemboi (kuandika naweza, mdomo ndio unaokataa). Nikiita majina asubuhi namruka, namtia alama kimyakimya, nikidhani haoni. Wiki hii ameacha kuja. Kipkemei alikwenda nyumbani kwa mtoto huyo, mama wa mtoto akamwambia kwamba amekataa shule kabisa, anasema, "Mwalimu anawataka wote ila mimi." Nililia, mshauri, mpaka chai ya mume wangu ikapoa mkononi mwake.

Yeye anasema nilitamke tu, darasani hakuna baba mkwe. Mama mkwe, anipendaye kama aliyenizaa, anasema, "Binti yangu, afadhali uiache hiyo kazi kuliko kumvunjia mzee heshima." Nikiiacha, darasa zima linarudi kwenye pareto. Nifanye nini?

Bibi arusi, Molo

JIBU

Bibi arusi, hongera. Barua yako ilikuwa na kurasa mbili nzima za baiskeli, nimezikata, wasomaji wengine hawajaolewa.

Sasa nisikilize. Mtoto hajui mambo ya ukweni. Anajua wenzake wameitwa, yeye hakuitwa. Hapo umekosa, ingawa hukukusudia. Tena wewe, mumeo na mama mkwe mmeshauriana juu ya jina la mtu, na mwenye jina hakuna aliyemuuliza! Mwombe mama mkwe amwendee Mzee Kemboi, amweleze kwamba kuna mtoto ameacha shule. Akikuruhusu, litamke darasani tu, kwa adabu. Akikataa, usinung'unike.

Kwa vyovyote, kuanzia kesho usiite majina wewe. Kila mtoto amwite aliyeketi kando yake. Na darasa usiliache, mwalimu mwingine hatawashukia kutoka mbinguni.

Leo hii nenda kwao Chepkemboi wewe mwenyewe, usimtume mumeo tena. Mpakate, umwambie kwamba kwenu jina lake lina heshima kubwa hata mdomo wako unaliogopa. Atakuelewa, watoto wanajua kuogopa ni nini. Kisha mshike mkono mje naye.

Nina dada yangu hapo Molo. Kabla mwezi huu haujaisha nitapita shuleni kwenu asubuhi, niketi benchi ya nyuma, nisikie ni nani anayemwita Chepkemboi, na yeye akiitika.