Naomba Kula Zenu

Doto pacha wangu,

Nimekaa kwenye ngazi za maktaba, jua la jioni limelegea, na upepo wa huku Dodoma unanirushia vumbi kwenye karatasi. Hujambo? Kabula ameshaota meno? Na mama, magoti yanamruhusu kutembea hadi kanisani? Mfikishie shikamoo yangu, na umwambie marahaba yake nimeisikia hata kabla hajaitikia. Mimi ni mzima, ila akili haikai darasani, na hilo kwako si habari. Wewe ndiye uliyekuwa ukisema nikiachiwa uji niukoroge, nitaota mpaka ufurike.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unanikwepa. Nikiuliza mikono, unanipa habari za mvua. Barua huwezi kuikatiza.

Basi sikia. Niligombea uenyekiti wa chama cha wanafunzi wa kemia hapa chuoni. Ndiyo, mimi, niliyekuwa nikijificha jikoni wageni wakija! Chama chetu hufanya ziara moja kila mwaka, na mwenyekiti ndiye anayechagua pa kwenda. Wenyeviti wote waliopita wamekuwa wakichagua kiwanda cha soda. Watu wanakunywa bure, wanapiga picha, wanarudi na matumbo ya gesi. Mimi nikawa naliona basi letu likisimama Runzewe, pale mnapooshea dhahabu mwaloni, na wenzangu wakishuka na chupa za kuchukulia maji ya kupima. Nimeliona basi hilo mara nyingi mno, nikiwa kwenye foleni ya chakula, nikiwa nafua, hata nikiwa kwenye mtihani. Najua nani amekaa dirishani.

Ndoto hiyo ilianza Krismasi, siku uliponimiminia chai. Mdomo wa birika ukawa unagonga kikombe, ti-ti-ti-ti, na chai ikamwagika kwenye kitambaa cha mama.

"Baridi hii," ukasema.

Baridi gani, Doto? Mchana, jua la utosi, hata kuku wamejificha chini ya ghala! Nilicheka kwa sababu ulicheka. Lakini sauti ile ilipanda basi pamoja nami. Mwalimu akitaja zebaki ubaoni, mimi nasikia birika. Wenzangu wanaandika kwamba inaingia kwa moshi na kwa ngozi, inatetemesha mikono, inapita hadi kwa mtoto anayenyonya. Mimi nakuona umeinama kwenye beseni, unaikanda na mchanga kwa mikono mitupu, unaikamua kwenye kitambaa, kisha unakichoma kile kidonge cha dhahabu na zebaki kinachobaki kwenye jiko la mkaa huku Kabula amelala mgongoni. Naogopa, dada. Ndiyo maana niligombea, nisikufiche.

Mpiga debe wangu alikuwa Zuhura, tunayekaa naye chumba kimoja. Ni mtoto wa mjini, Ngokolo ya Shinyanga, baba yake ana duka la vitambaa, na mdomo wake hauna breki. Alinishonea hadi hotuba. Kilichomshinda ni ulimi wangu.

"Sema kura," ananiambia.

"Kula."

"Kurrra!"

"Kulla."

"Wallahi utatutia aibu! Haya, mimi naitwa nani?"

"Zuhula."

Akajitupa kitandani akicheka mpaka akalia. Wiki nzima tukahangaika na ile r, asubuhi anapopiga mswaki, jioni tukichambua mchele. Ikawa inakuja vizuri kabisa tukiwa wawili.

Siku ya kujinadi ukumbi ulijaa. Mpinzani wangu, Eliya, kijana mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi, alitangulia na kiwanda chake cha soda, akapigiwa makofi. Nikapanda mimi. Nikashika kipaza sauti, nikavuta pumzi, nikasema kwa sauti ya juu:

"Wanachama wenzangu, naomba kula zenu!"

We! Ukumbi ulipasuka. Mmoja nyuma akaita, "Mpelekeni kantini!" Mwingine akadakia, "Huyu ndiye mkweli, wenzake wanaficha kwamba wamefuata kula!" Zuhura alijifunika uso kwa mtandio. Nilitamani sakafu inimeze.

Na mimi, unanijua, nikiaibika huwa nasafiri. Nikiwa nimesimama pale pale nikafika nyumbani. Nikakuona umetoka kwenye beseni, unachovya mikono kwenye ndoo mara moja, unaifuta kwenye kanga, unakaa kusonga ugali. Unamega tonge dogo, unalipuliza, unamtia Kabula mdomoni. Nilikaa huko kitambo. Niliporudi, kicheko kilikuwa kimeanza kuchoka.

"Sijakosea," nikasema. "Naomba kula. Nina pacha wangu Runzewe anayekamata dhahabu kwa zebaki, na mikono hiyo hiyo ndiyo inayomlisha mwanawe. Naomba yule mtoto ale bila kula sumu. Ziara ya mwaka huu naiomba iende huko."

Hotuba ya Zuhura nikaisahau yote. Nikashuka.

Tangu siku hiyo nikipita wananiitia, "Kula kwa Kulwa!" Mwanzoni niliona wananicheka, na kweli walikuwa wananicheka, lakini siku ya uchaguzi walipanga foleni. Nimeshinda, Doto. Pacha wako ni mwenyekiti. Eliya mwenyewe alikuja kunipa mkono, akaniuliza kama huko Runzewe kuna soda. Nikamwambia zipo, za moto.

Basi linakuja tukifunga chuo. Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Maji tutayapima, hayo ni mepesi. Lakini kujua kilichoingia mwilini kunataka nywele za mtu, chache tu, za kisogoni, na mlezi wa chama ametuambia wazi kwamba bila ridhaa ya mwenyewe hatugusi kichwa cha mtu. Nami nawajua akina mama wa mwaloni. Wakiona wageni wenye makoti meupe watasema serikali imekuja kufunga mwalo, watabeba mabeseni yao na kuondoka. Hawatakaa kwenye kigoda cha kukatiwa nywele mpaka wamwone mwenzao amekaa. Mwenzao huyo ni wewe.

Najua ninachokuomba. Jina lako litatembea. Watasema Doto kaleta watu wa kutuharibia riziki, na wewe unaishi nao, mimi naishi na vitabu. Waambie hatuji kufunga kitu. Tunakuja pia na chombo cha kuchomea chenye mfuniko na bomba, moshi unarudi kuwa zebaki badala ya kuingia kifuani, na dhahabu haipungui. Lakini wakikataa kusikia sitakuwepo kukusaidia kuteka nao maji kisimani. Hilo nimelifikiria sana. Ukikataa, nitashuka kwenye basi na kukukumbatia vile vile.

Mama husema wewe ulinituma nitangulie kutoka tumboni nikaangalie kama duniani kuko salama, ndipo ukafuata. Safari hii tangulia wewe, dada. Mimi nitakuwa nyuma yako na mkasi.

Barua hii anakuja nayo Zuhura mpaka Shinyanga, ataipakia kwenye basi la Runzewe. Mpe shemeji yangu salamu zangu, huyo mumeo anayelala na kelele za karasha la kusagia mawe masikioni, na umwambie uenyekiti haujanibadilisha, bado namdai wimbo. Nisalimie mjomba fundi wa baiskeli, na shangazi wa kwaya, na jirani yetu aliyenifungia michembe, vile viazi vikavu, nilipoondoka. Mwambie wabeja, namshukuru, iliisha kabla ya Singida. Kabula mbusu kisogoni, mwambie ni mama yake mkubwa.

Kwa hiyo, Doto, ukumbi mzima umeshanipa, imebaki moja tu, iliyo mikononi mwako. Naomba kura yako. Hapo nimeandika r, iangalie vizuri, nimeikaza kweli kweli. Halafu nimeisoma kwa sauti hapa ngazini, peke yangu, na imetoka kula.

Iache hivyo hivyo.

Ni mimi wa kwanza wako,
Kulwa