Risasi Laini za Signe

Jumatatu, 2 Oktoba
Signe amefumba macho tena. Nilimwona kwa darubini – kidole hakijakaza kifyatuo, macho tayari yamefungwa, bega limejikunja. Risasi ikaenda kwenye nyasi. Ni tangu Agosti, babake alipompa bunduki yake kubwa ajizoeze nayo, ikampiga teke na kumchana nyusi. Sasa mjukuu wangu halengi shabaha. Anangoja kupigwa.

Garth anasema atazoea, mbona yeye alizoea. Nilimkumbusha mwanangu kwamba yeye alilia siku mbili na akagoma kula. Akacheka kidogo.

Siku za watoto kuwinda zinaanza tarehe 19. Nimesema nitamtengenezea mwenyewe risasi laini, zisizopiga teke.

Jumamosi, 7 Oktoba
Gereji ina baridi. Nimetengeneza kumi za kwanza: kichwa chepesi, baruti kidogo ya ile inayowaka haraka, kama kitabu kinavyosema, si chembe zaidi. Bunduki ilinisukuma tu, kama mtu anayekupita mlangoni. Lakini matundu yametawanyika sahani nzima ya karatasi niliyoilenga. Haifai. Kulungu hajeruhiwi ili mtoto asiumie.

Kazi hii ilikuwa ya mume wangu, Emmett. Miaka arobaini bonde zima limemletea maganda matupu ya risasi ayajaze upya. Mimi alinifundisha majira ya baridi tuliyofungiwa na theluji, na somo la kwanza lilikuwa hili: kipimo kidogo cha baruti ndicho cha kuogopwa. Ganda lina nafasi, ukitia mara mbili halifuriki, huoni kosa. Kwa hiyo unamulika tochi ndani ya kila ganda kabla ya kukaza kichwa. Kila ganda.

Sasa yeye anakaa jikoni na kuniuliza mbwa yuko wapi. Mbwa tulimzika mwezi wa tatu. Garth nimemwambia ni macho tu, babako macho yamechoka. Ameamini. Au ametaka kuamini.

Ijumaa, 13 Oktoba
Jaribio la nne – hili ndilo! Matundu matano, unayafunika kwa kiganja. Signe alipiga ya kwanza akiwa amefumba macho. Ya pili jicho moja. Ya tatu akageuka kunitazama, akauliza, "Bibi, hii imetiwa baruti kweli?"

Akapiga kumi na moja mfululizo. Hakutaka kurudi nyumbani. Nilimpikia supu ya viazi, akala bakuli mbili, huku akimhadithia babu yake kila risasi ilipoingia. Emmett alimsikiliza vizuri sana. Alimuuliza maswali ya maana. Jioni ile alikuwa mzima.

Jumatatu, 16 Oktoba
Nimetengeneza ishirini za uwindaji. Nilikuwa nimetia baruti kwenye maganda yote, bado kumulika, simu ikalia ndani. Dada yangu, na maneno yake hayaishi. Niliporudi Emmett ameketi mahali pake pa zamani, mikono inakwenda yenyewe, vichwa vyote ishirini vimekazwa, vimenyooka kuliko ninavyokaza mimi.

Akaniambia, "Nimekumalizia, mke wangu."

Nilimuuliza kama alimulika. Akanitazama kama nimemtukana. Akasema yeye alikuwa akimulika maganda mimi sijui hata bunduki inashikwaje. Kweli kabisa. Nikaona haya. Mwezi mzima sijamwona na uso ule wa fahari.

Nilizipanga kwenye kasha.

Jumatano, 18 Oktoba
Wameondoka saa nane mchana, wanalala kwenye hema juu mlimani, mwisho wa njia ya malori ya magogo. Signe kavaa fulana ya rangi ya chungwa inayomfika magotini. Garth kachukua risasi nane. Nikamwambia achukue zote, akasema, "Mama, mtoto akihitaji zaidi ya nane, kulungu wameshinda."

Nilitaka kumwambia kitu pale kwenye lango. Sijui kitu gani. Nikamwambia aendeshe polepole.

Alhamisi, 19 Oktoba
Saa mbili na nusu asubuhi. Emmett anakula mayai. Katikati ya tonge anasema nimezeeka, nimeanza kuwa msahaulifu – juzi niliacha maganda hayana baruti. Bahati alikuwapo, akayatia.

Nikamuuliza mangapi. Hajui. Yale matupu, anasema.

Hapakuwa na matupu.

Zile kumi na mbili zilizobaki nimezifungua moja moja mezani, kwa haraka hata nikamwaga baruti ya ile ya tatu na kuanza kuikusanya kwa kadi. Kumi zina kipimo chake. Mbili zina vipimo viwili. Baruti ile maradufu haipigi teke – inapasua bunduki, na shavu la mtoto liko pale pale.

Simu ya Garth haipatikani. Huko juu hakuna mtandao. Nikawapigia askari wa wanyamapori. Yule binti wa simu akaniuliza ilitokeaje, nikamwambia, "Mume wangu kumbukumbu zimempotea." Sijawahi kulisema kwa sauti. Emmett alikuwa amesimama nyuma yangu ameshika sahani.

Siku hiyo hiyo, saa tano na robo
Ndani ya pikapu, mwisho wa njia ya magogo. Hema lipo, gari lao lipo, wao hawapo. Askari alifika kabla yetu, amefuata nyayo kwenye theluji kuelekea korongoni, yapata dakika arobaini sasa. Kaniamuru nisiondoke hapa. Hata asingeniamuru – nyonga yangu haipandi, na Emmett siwezi kumwacha peke yake kwenye baridi hii. Kila dakika tano napiga honi mara tatu, ishara ya hatari, huenda wakasikia. Kama kuna kulungu mlima huu amekwishakimbia. Heri.

Ningezifungua zile risasi Jumatatu ile ile. Saa moja tu ya kazi. Nilimwona amefurahi, nikaiacha. Hilo ndilo nililofanya na sitalisingizia ugonjwa wake.

Naandika ili mikono ipate kazi.  Emmett sasa hivi ameuliza, "Ni mimi, Lorna?"

Nikamwambia ni sisi wawili.

Akaangalia dirishani. Akaomba nimshike mkono, nikamshika, naandika kwa –

Bunduki imelia. Moja, ng'ambo ya korongo. Nzito, imejirudia mlimani mara mbili.

Emmett ameinua kichwa. Kwa sauti yake ile ya zamani, ya mtu anayejua kazi yake, anasema nisiogope, hiyo si ya Signe. Risasi laini hailii hivyo. Ile ni baruti nyingi.

Ananipapasa mkono. Ananiambia tena nisiogope.

Nimeshuka garini. Mlango nimeuacha wazi. Nasikiliza kama kuna mtu anaita.