Yeyo, Mvua Imeanza na Daftari Bado Liko Kwangu

Yeyo,

Mvua ya vuli imeanza Kisaju leo asubuhi. Nakuambia mwenyewe kabla hujaambiwa na wengine: tangu ulale, daftari langu halijafungwa hata mara moja. Ninaogopa, Yeyo.

Unakumbuka mwaka ule nilioolewa na mwanao, nilipofungulia mbuzi wakaingia olopololi? Niliona nyasi nzuri zimezungushiwa miiba nyuma ya boma, mvua inanyesha, mbuzi wanalia. Sikujua zimefungwa, zimewekewa ndama na ng'ombe wagonjwa, za kuliwa kiangazi. Ulinitazama weee, halafu ukasema, "Huyu mtoto ya Wakikuyu, akiona nyasi anafikiria ni chakula ya leo." Kiangazi kile ndama wawili walikufa. Hukunitaja kwa mtu yeyote, hata kwa mwanao.

Ndiyo maana ulipokuja kwangu baadaye, ukanikuta na macho mekundu, naandika bila kula, namfokea mwanao Lemayian kwa sababu ya mlango tu, sikubisha. Uliuliza, "Na hii kichwa yako, nani anaifungia?" Ukachukua daftari ukaliweka kwenye sanduku lako la bati, chini ya shuka. Tangu hapo ikawa hivyo kila msimu wa mvua. Wewe ulikamua, ukisengenya majirani, mimi nikakaa hapo kando mikono mitupu, nasikiliza. Mvua ikiisha unanirudishia, nami naandika mpaka unanicheka. Vitabu vyangu viwili vilitoka hivyo, na wewe hukujua kusoma hata jina lako kwenye ukurasa wa shukrani.

Ulituacha kiangazi cha Februari. Masika yakaingia, na hakuna aliyekuja kuchukua daftari. Lemayian aliuliza mara moja tu, "Si saa hii Yeyo alikuwa anaichukua?" Nikamjibu vibaya.

Nilikuwa naandika kitabu chako. Maneno yako yote, matusi yako, jinsi ulivyokuwa ukiwaita ng'ombe. Niliogopa kwamba nikiacha hata wiki moja nitaisahau sauti yako. Kicheko chako tayari kimenitoka. Najua ulikuwa unacheka sana, lakini nikijaribu kukisikia hakiji. Basi nikaandika masika yote, nikaandika baridi ya Julai blanketi likiwa magotini. Agosti nilianguka jikoni na pakiti ya unga mkononi. Daktari wa Kitengela alisema mwili umechoka, nipumzike. Nikamwambia sawa, nikarudi mezani siku hiyo hiyo.

Juma lililopita nilisoma yote kutoka mwanzo. Yeyo. Kurasa za kwanza ni wewe kabisa, mpaka nikanusa moshi wa nyumba yako. Halafu, pale baridi inapoanza, unaanza kuongea Kiswahili kilichopangwa vizuri. Unawapa watu mawaidha. Wewe, ambaye hukuwahi kumpa mtu mawaidha, ulimgombeza tu kisha ukampa chai. Kufika mwisho hupo tena, ni mimi nimevaa shuka yako. Niliogopa mpaka nikatoka nje nikasimama tu hapo uani. Nilikuwa nimewafungulia mbuzi tena, na safari hii nilichowalisha ni wewe.

Sasa Nashipae, kitinda mimba wako, ameketi sebuleni tangu saa sita. Nadhani Lemayian ndiye aliyemwita. Alipoingia hakuzunguka, alisema, "Leta hiyo daftari, nitaiweka kwa sanduku ya Yeyo." Nikamwambia angoje nimalize kitu kimoja. Kitu chenyewe ni hii barua. Anakunywa chai yake polepole na hanisukumi, ila viatu hajavua.

Unajua kinachoniogopesha? Si kitabu kubaki nusu. Ni kwamba nikishalitoa daftari itabidi niende boma lako na mikono mitupu, nikae pale tulipokuwa tukikaa, na huenda nisisikie chochote. Tangu tukuzike sijakanyaga pale. Nimekuwa nikisema nina kazi nyingi.

Usingenituliza, najua. Hata wewe ulifunga nyasi bila kujua kama kiangazi kitakuwa kirefu kuliko zile nyasi. Ulifunga tu, ukangoja, na kuna miaka zilikwisha kabla ya mvua.

Basi lala salama, mama yangu. Nakuahidi sitakuandika popote mpaka mvua iishe, hata nyuma ya risiti ya duka. Nitakwenda pale nikae. Na Januari nikilifungua daftari nikakuta sauti yako imekwenda, nitaandika kwamba sikumbuki. Nitaacha mahali pako peupe kwenye ukurasa, lakini sitakutungia maneno tena.

Nashipae amesimama. Nampa na kalamu.

Mke wa mwanao,
Wambui