Koti la Mkutano wa Amani

Jumatatu, 3 Machi 2008
Nimekata mikono yote miwili ya koti la mume wangu, inchi mbili na nusu. Chini nimekata nne. Mabaki nimewashia jiko. Mkono wa kushoto nimeshaukunja na kuushona, wa kulia kesho. Mzee wangu ni mfupi na hapendi kuambiwa. Koti lenyewe ni sufu nzito, zuri. Anasema alilipata mtumba mjini.

Analitaka Jumamosi. Chifu amemchagua azungumze kwa niaba ya majirani kwenye mkutano wa amani. Watu wa kambini, wale waliofukuzwa makwao baada ya uchaguzi, wataletwa na lori. Labda Mama Wanjiru atakuwepo. Miaka kumi na moja tulikuwa majirani, tulitenganishwa na ua tu, na tangu nyumba yao ichomwe sijaenda kumwona. Naogopa. Nitamwambia nini?

Jumanne, 4 Machi
Nusu ya madawati darasani mwangu ni matupu. Kuna majina kwenye rejista ambayo siiti tena.

Jioni nimemaliza mkono wa kulia. Nikageuza mifuko nje nipige pasi. Mfuko wa ndani una kitambaa cha maua ya kijani. Kipande cha pazia langu la jikoni. Nilikitia mwenyewe mwaka juzi, mfuko wa Baba Wanjiru ulipotoboka akawa anapoteza funguo za duka.

Nimeketi chini na pasi ikaunguza kitambaa cha meza.

Mtumba. Mtumba gani huo, jamani.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwuliza. Kwanza ni mtumba, kisha hakumbuki, kisha nikamgeuzia mfuko. Akasema lingeungua bure, alichofanya ni kuliokoa.

Kwa hivyo alikuwa pale nyumba yao ilipochomwa. Aliniambia alikuwa mbali, kule Plateau kwa ndugu yake, wiki ile ya mwaka mpya. Alirudi amechoka nikamchemshia maji ya kuoga. Nguo zilinuka moshi, nikadhani ni jiko la shemeji. Mjinga mimi.

Namchukia. Nimeandika na sifuti.

Ameniambia nimalize pindo la chini. Yaliyopita yamepita, eti ndiyo maana ya amani.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefumua mikono yote. Kazi bure, kitambaa kilichokatwa hakirudi. Baba Wanjiru ni mrefu, mlangoni kwangu alikuwa anainama. Mikono ya koti itamwishia juu ya vifundo vya mikono.

Nitampelekea hivyo hivyo. Akitaka kunitukana, anitukane. Heri matusi kuliko hili koti kukaa kwangu.

Ijumaa, 7 Machi
Nilienda kambini baada ya shule. Mama Wanjiru amekonda, hata shingo. Aliponiona alinikumbatia. Alinisamehe kwa kutokuja siku zote hizo kabla sijasema kitu, nami nikalia kama mtoto.

Nikatoa koti kwenye kikapu. Hakuligusa.

"Yuko wapi?" akaniuliza.

Sikuelewa. Mimi nilidhani mume wake yuko naye kambini, kila mtu alisema hivyo. Akanieleza. Walikimbilia kituo cha polisi wote, lakini kesho yake Baba Wanjiru alirudi kuangalia ng'ombe. Kulikuwa na baridi, akavaa koti. Hilo. Hajaonekana tena. Mama Wanjiru amezunguka mochari zote mpaka Nakuru.

"Mama Jebet, nani alikupa?"

Ningesema mtumba. Neno lilikuwa mdomoni, tayari kabisa. Nikasema, "Mzee wangu."

Alichukua koti, akalikunja vizuri, akaniomba niende.

Nyumbani nimemwuliza mzee swali moja: yuko wapi. Nimemwambia sipiki, silali kitanda kimoja naye na sinyamazi mpaka aseme. Makaa yalipozima akasema: kwenye kisima kikavu, nyuma ya kinu cha unga wa posho. Akaongeza kwamba walikuwa wengi, si yeye peke yake. Sikuwa nimeuliza hilo.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeandikisha taarifa polisi. Afisa alinishikia karatasi nikatia sahihi. Saa tano wamempata Baba Wanjiru. Saa sita wamemchukua mzee wangu, akiwa bado amevaa shati jeupe la mkutano.

Ndugu zake wamekuja. Wameniita msaliti, mbele ya mama yangu aliyekuja kukaa nami. Mkutano haukufanyika.

Jumapili, 9 Machi
Sikwenda kanisani.

Jumamosi, 15 Machi
Wamemzika leo. Mama Wanjiru alituma mtu jana kuniambia nisifike mazishini. Alituma kwa adabu, na salamu. Nilisema sawa. Ana haki.

Asubuhi nimekamua ng'ombe, nimeoga, nimevaa nguo ya kanisa na kilemba cheusi. Nimeketi sebuleni mlango ukiwa wazi. Mama alipita mara mbili. Walisema watamshusha kaburini saa nane. Saa nane nimesimama. Nimesimama muda ambao ningesimama kama ningekuwa huko.

Kisha nimevua nguo nikaenda kuanua mahindi.