Tyubu ya Tisa

Mdogo wangu,

Dawa ya kuchua imefika, tyubu ya tisa. Ukiuliza hali, cherehani zangu zote nne ni nzima; goti la mama ndilo bado.

Kwenye simu ulimwambia mama apake nyingi, afunge kwa kitambaa cha moto. Alikutii, goti likababuka. Nilikuwa nimemsomea maelekezo: kidogo tu, mara tatu kwa siku, usifunge, usiweke joto, nawa mikono. Akanijibu, "Wewe fundi nguo, mwenzio kasoma."

Sasa hatupaki mpaka kidonda kipone. Karatasi inasema maumivu yakizidi siku saba umwone daktari. Mama hataki. Anasema utakuja umchue mwenyewe. Huu ni mwaka wa sita anasema hivyo.

Tyubu ya kumi usitume. Leta mikono.

Dada yako, fundi nguo